Mheshimiwa Aliyechambua Kanuni

Mheshimiwa alisoma kanuni za serikali jinsi wanawake wengine wanavyochambua mchele. Alikaa mkekani sebuleni kwake, miguu ameinyoosha, makaratasi mapajani, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, kidole kikitembea mstari kwa mstari kutafuta jiwe. Akilipata aliguna kama mtu aliyeng'ata kwa jino bovu, akaweka alama kwa kalamu nyekundu, akajitupia karanga mdomoni, akaendelea.

"Shikamoo, Mheshimiwa," ningesema mlangoni.

"Marahaba, Mama Neema. Kaa hapo. Nimalizie aya mbili tu."

Aya mbili za Mheshimiwa ziliweza kula mchana mzima. Nilijifunza kuja na kazi yangu ya mkono.

Tuliishi nyumba za kupakana hapa Ng'ambo, Tabora mjini, kwa miaka mingi, mimi na duka langu la asali na nta, yeye na mumewe mstaafu wa reli. Alikuwa mbunge wa viti maalumu, na huko bungeni walimweka kwenye kamati inayopitia sheria ndogo. Mtaani kwetu hakuna aliyeijua kazi hiyo. Mbunge tuliyemjua sisi ni wa kuchimbisha kisima, kuleta mabati ya zahanati, kucheza ngoma mbele ya mgeni rasmi. Huyu wa kwetu alileta makaratasi.

Siku moja nilimwomba anieleze, lakini kwa Kiswahili cha dukani. Akavua miwani.

"Nimekutuma sokoni ukanunue nyama," akasema. "Siwezi kukuambia kila kitu, kwa hiyo nimekupa ruhusa uchague bucha, uchague mnofu au mifupa. Sawa?"

"Sawa."

"Umerudi na nyama. Lakini huko njiani umeuza na kapu langu. Nilikuruhusu?"

"Hapana."

"Basi. Bunge linatunga sheria. Sheria haiwezi kusema kila kitu, inamruhusu waziri au wakala aandike kanuni za kujazia. Sisi kwenye kamati tunasimama mlangoni kuangalia kapu limerudi au halikurudi."

Sheria ile kubwa, inayozaa kanuni, wanasheria huiita sheria mama. Mheshimiwa alilipenda jina hilo kupita kiasi. "Mtoto wa sheria ni sheria," alikuwa akisema, "sikatai. Lakini mtoto hamtumi mama yake dukani." Alilisema kanisani, msibani, kwenye vikao vya harusi. Mumewe alikuwa akilisikia linakuja tangu mbali na kulimalizia kabla yake, macho yake kwenye redio.

Yalikuwapo maneno aliyoyachukia kama watu wanavyochukia nyoka. "Papo hapo" lilikuwa moja, hasa likikaa karibu na neno faini. Jingine ni "kadiri atakavyoona inafaa". Akikuta afisa amepewa uwezo wa kufanya jambo kadiri atakavyoona inafaa, alisoma kwa sauti, polepole, akitutazama sote sebuleni kana kwamba mmoja wetu ndiye aliyeliandika. "Akiamka na kichwa kinamuuma, je? Ataona inafaa nini siku hiyo?" Na "na kadhalika" alisema ni mlango wa uani: "Mwizi hapiti mbele."

Asidhani mtu kwamba aliwachukia watu wa serikali. Ukimsema vibaya afisa yeyote mbele yake alikukata. Alisema bila wao tungekuwa tunalamba sukari iliyochemshwa tukidhani ni asali, na mimi muuza asali nilijua ni kweli. Aliamini kanuni nyingi mbaya huandikwa na watu wazuri waliochoka, wenye haraka ya kurudi nyumbani. "Ndiyo maana lazima mwingine asome," alisema. "Ukipika mwenyewe huonji chumvi vizuri."

Lakini nyumbani kwake! Nyumbani kwake Mheshimiwa alikuwa dola kamili. Viatu nje. Redio isizungumziwe juu yake wakati wa taarifa ya habari. Sufuria la maziwa lisipikiwe kitu kingine hata nyumba ikiungua. Uyoga wa masika ulichambuliwa na yeye peke yake, maana hakumwamini mtu mwingine yeyote asiwaue wenzake. Kanuni mpya zilitangazwa asubuhi na kuanza kutumika asubuhi ileile, na adhabu, wallahi, ilikuwa papo hapo. Nilimkuta mumewe siku moja amesimama nje, viatu mkononi, anasubiri sakafu ikauke.

"Kanuni za nyumba hii, Mama Neema," akaniambia, "hazijawahi kupita kwenye kamati yoyote."

Sauti ikatoka ndani: "Sheria mama ni mimi!"

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Sijawahi kuona ndoa yenye kicheko kama ile.

Na kuchelewa! Mwanamke aliyeweza kubishana juu ya mkato mmoja katika kifungu hakuwahi kufika mazoezi ya kwaya kwa wakati. Tulimwekea nafasi mwisho wa benchi ili asitukanyage akiingia. Aliimba sauti ya tatu, kwa nguvu, akikosea maneno, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Kwenye majukwaa ya siasa alikuwa balaa zaidi. Wenzake walipanda wakaamsha watu kwa nyimbo, yeye alipanda na karatasi, akaanza, "Ndugu zangu, tuangalie kifungu cha tisa." Nimeona umati mzima wa Urambo ukilala usingizi ukiwa umesimama.

Jambo lililomgharimu lilitoka Usinge, na lilipitia kwa mjomba wangu.

Mjomba ni mrina asali. Mizinga yake imetundikwa huko kwenye miti ya miombo pembezoni mwa hifadhi, na asali yake ndiyo iliyonisomeshea watoto, kwa sababu yeye hurina na mimi huuza. Mwaka huo wakala mmoja wa serikali ulitoa kanuni mpya za kusafirisha asali. Zilisema asali yote isitoke wilayani bila kibali, na ikikamatwa bila kibali inataifishwa, inakuwa mali ya wakala. Mjomba hakuwa na habari. Alipakia ndoo zake za msimu mzima kwenye lori kuja kwangu, na kwenye kizuizi kabla ya Urambo wakashusha zote. Hakupigwa, hakutukanwa. Waliandika, wakamwonyesha kanuni, wakafunga stoo.

Alifika dukani kwangu mikono mitupu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo alikunywa maji tu, akaegemea ukuta.

"Mwanangu," akasema hatimaye, "wewe si jirani yako ni mbunge?"

Tulikwenda. Na hatukuwa peke yetu, kwa sababu mjomba hakuwa wa kwanza kukamatwa. Warina wenzake wa Usinge na wengine wa Ulyankulu walikuwa wamekwishafika, wamejaa sebuleni, viatu vyao vimepangwa nje kama duka la mitumba. Mheshimiwa alikuwa mkekani, zile kanuni mapajani. Aliwasikiliza wote mpaka mwisho. Kisha akauliza kibali kinatolewa wapi.

"Tabora mjini," akajibu mmoja wao. "Baada ya kukagua asali."

"Wanakuja kuikagua Usinge?"

"Hapana. Unaileta hapa Tabora."

"Na kuileta hapa unahitaji nini?"

"Kibali."

Mheshimiwa akaguna. Mjomba akapata sauti yake: "Sasa Mheshimiwa, asali itangulie mimi nifuate, au mimi nitangulie asali ifuate?" Watu wakacheka kidogo, cheko la watu waliochoka.

Halafu mzee mmoja wa Ulyankulu akasema lile tulilokuwa tumelijia. "Piga simu, mama. Mkubwa wao unamjua. Neno lako moja tu, stoo inafunguliwa."

Simu ilikuwa palepale mkekani. Aliitazama. Namba alikuwa nayo, nilijua anayo.

"Nikipiga simu, asali yenu inatoka leo," akasema. "Nakubali. Kesho atapita mwingine kwenye kizuizi kilekile, asiyenijua, asiye na jirani muuza asali Ng'ambo. Huyo atampigia nani?"

"Huyo ataangalia lake," mtu mmoja akasema.

"Hapana. Wakala haukuwa na ruhusa ya kutaifisha mali ya mtu bila mahakama. Nimeitafuta kwenye sheria mama, haimo. Hilo nitalipeleka kwenye kamati, na nitalisema mbele yao, na litaandikwa. Lakini mpaka siku hiyo msipitishe asali bila kibali. Kanuni mbovu ni kanuni mpaka ibadilishwe."

Sebule ikalipuka. Yule mzee wa Ulyankulu akasimama. "Mbunge gani huyu?" akauliza, si kwa hasira hata, kwa mshangao tu. Wakatoka mmoja mmoja, wakawa wanatafuta viatu vyao. Mjomba alikuwa wa mwisho. Hakumuaga. Na mimi, jirani yake, niliondoka na mjomba.

Wiki kadhaa sikuvuka ua. Nilimwona akianika nguo, naye akaniona, tukasalimiana kwa mbali. Nilikuwa na rafu tupu dukani, na kila nikizitazama niliona ile simu kwenye mkeka.

Kamati ilikuja mkoani baada ya mkutano mmoja wa Bunge, ikaketi kwenye ukumbi Urambo kusikiliza wadau. Nilialikwa kama mfanyabiashara wa asali, mjomba kama mrina. Mezani walikaa wabunge, upande wa pili maafisa wa wakala pamoja na mwanasheria wao. Afisa wa kanda, mtu mzima mwenye suti ya kijivu na adabu nyingi, alisoma maelezo marefu juu ya ubora wa asali na masoko ya nje. Alisoma vizuri. Wabunge wengine waliuliza maswali makali, wengine wakipiga meza, na yeye akajibu kila moja kwa maneno laini yasiyoshikika.

Zamu ya Mheshimiwa ilipofika hakupiga meza.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi ni mrina asali. Niko Usinge na ndoo zangu. Nataka kutii kila neno lako. Naomba unipeleke Tabora."

Afisa akatabasamu. "Kwanza, Mheshimiwa, unaomba kibali."

"Wapi?"

"Ofisi ya Tabora."

"Nimekwenda. Wananiambia nini?"

"Watakwambia ulete asali ikaguliwe."

"Nimerudi Usinge, nimeipakia. Nimefika kizuizini. Wananiambia nini?"

Afisa akafungua kanuni zake. Akasoma ukurasa mmoja, akafunua wa pili, akarudi wa kwanza. Mwanasheria wake akamnong'oneza kitu, naye akatikisa kichwa. Ukumbi ulianza kujikunyata kwa kicheko kilichozuiliwa. Kisha yule bwana akaweka makaratasi chini.

"Mheshimiwa," akasema, "nimekwama."

"Umekwama wapi, ndugu yangu?"

"Bado niko Usinge."

Ukumbi ukapasuka. Mjomba alinipiga begani kwa nguvu nusura nianguke. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni Mheshimiwa. Alisubiri tunyamaze, akamgeukia karani wa kamati. "Naomba iandikwe," akasema, "kwamba afisa amejibu kwa uaminifu."

Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi ya vyote. Alikuwa amemshika, angeweza kumfanya mchezo wa ukumbi mzima, na watu wale wale waliomwita mbunge gani wangembeba mabegani siku hiyo. Badala yake alipita haraka kwenye hoja ya kutaifisha, akasoma kifungu cha sheria mama, na watu wakaanza kupiga miayo. Wakati wa chakula alikwenda kukaa na yule afisa. Nilipopita karibu walikuwa wakibishana kama uyoga wa Urambo unashinda wa Sikonge.

Mambo ya Bunge huenda kwa mwendo wake. Kamati iliandika taarifa, Bunge likaazimia kanuni zirekebishwe, na wizara ikakubali. Lakini kukubali na kutangaza katika Gazeti la Serikali ni vitu viwili, na katikati yake uchaguzi ukaingia. Miongoni mwa wajumbe wa wilaya waliokuja kupiga kura za maoni za chama walikuwamo wake, dada na mabinti wa warina asali, na wale hawakuwa wamesikia habari za azimio. Walikuwa wamesikia habari za simu isiyopigwa. Kura za Mheshimiwa hazikutosha. Hazikutosha hata kidogo.

Nilivuka ua jioni hiyo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumfariji, kumbe nilimkuta anakaanga karanga.

"Pole, Mheshimiwa."

"Nimeshapoa. Shika mwiko, mkono umechoka."

Nilikoroga. Nilimwuliza kama anajuta, kama angekuwa tena na ile simu mkononi. Alifikiri kweli, hakunijibu kwa haraka kama watu wanaojibu ili waonekane imara.

"Nilijuta siku ile ile," akasema. "Mjomba wako alipotoka bila kuniaga, nilitaka kumkimbilia. Nilishika mlango. Mzee wangu ndiye aliyeniambia, 'Ukimkimbilia huyu, utawakimbilia wote, na miguu yenyewe huna.'" Akacheka. "Lakini kujuta si sawa na kukosea, Mama Neema. Usiziunguze hizo."

Kanuni zilizorekebishwa zilitangazwa wakati yeye ameshakuwa raia kama sisi. Ukaguzi ungefanyika kijijini, na asali yenye shaka ingezuiliwa tu mpaka mahakama iamue. Wakala wenyewe uliagiza iliyoshikiliwa irudishwe kwa wenyewe. Kama ingekuwa samaki tungerudishiwa harufu. Lakini asali haiozi. Ilikuwa imeganda tu stooni, nyeupe na nzito kama siagi, na wateja wangu wa mjini wakaipenda hivyohivyo. Mjomba alinibebea ndoo ya kwanza mwenyewe hadi dukani, akaitua, akapumua, akachota bakuli zima, akavuka ua. Sikumfuata. Kutoka dukani nilisikia tu, "Mwangaluka, mama," ile salamu yetu ya asubuhi, ingawa ilikuwa alasiri, na mama akiitikia, kisha mazungumzo marefu, kisha ile sentensi ya mtoto asiyemtuma mama yake dukani, na mjomba akicheka kana kwamba ni mpya.

Baada ya ubunge hakunyauka, kama wanavyonyauka wengi. Alinenepa kidogo. Alilima mpunga bondeni, akafiwa na shangazi, akapata wajukuu. Akina mama wa chama chetu cha kuzikana walimpa katiba yao aipitie, akairudisha nusu ya urefu wake na kila mtu akaielewa, hata wale walioudhika. Jina la Mheshimiwa halikumtoka. Hata yule mbunge aliyechukua nafasi yake aliliitikia jina hilo mtaani kwa aibu kidogo, akijua si yeye aliyeitwa.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumtembelea ilikuwa kiangazi hiki. Nilikuwa nimehamia karibu na binti yangu, upande mwingine wa mji, na miezi ilikuwa imepita. Nilipokata kona nikaona mafundi wenye nyundo mbele ya nyumba yake, vumbi jekundu linapaa. Watu wa barabara walikuwa wamepita mtaa mzima wakipima, na popote jengo lilipoingia kwenye hifadhi ya barabara waliweka alama ya X kwa rangi nyekundu. Baraza jipya la Mheshimiwa, alilojengewa na wanawe ili apunge upepo, lilikuwa na X mbili.

Yeye mwenyewe alikuwa amekaa hapohapo barazani, kwenye kiti cha plastiki, upande ambao mafundi hawajaufikia.

"Mheshimiwa! Wanakubomolea?"

"Wanabomoa kwa niaba yangu. Nimewaita mwenyewe. Marahaba."

"Shikamoo," nikasema, nimeshachelewa. "Lakini hizo kanuni umezisoma? Huwezi kukosa jambo. Wewe!"

"Nimezisoma." Akavua miwani, akaifuta vumbi kwa ncha ya khanga. "Nimezisoma mara ya kwanza, nikazisoma tena. Nikamtuma mjukuu aniletee na sheria mama. Nimetafuta, Mama Neema. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Vipimo vimetajwa. Notisi imetajwa, na walinipa. Pa kukata rufaa pametajwa. Hakuna papo hapo. Hakuna kadiri atakavyoona inafaa." Akashusha pumzi, na uso wake wote ukafunguka. "Zimeandikwa vizuri! Sikukuta hata jiwe moja. Kuna mtu mahali fulani alikaa chini akaziandika vizuri."

"Na baraza?"

"Baraza liko barabarani. Vuta hicho kiti ukae. Kivuli bado kipo mpaka wafike kwenye nguzo."

Nikavuta kiti nikakaa. Mzee wake akatuletea chai kupitia dirishani, kwa sababu mlangoni palikuwa na matofali. Tulizungumza habari za wajukuu, za mvua, za bei ya mpunga, tukipaza sauti juu ya nyundo. Mafundi walipofika kwenye nguzo yetu wakasimama kwa heshima. Mheshimiwa akameza funda la mwisho, akainuka. Tukabeba kila mmoja kiti chake, tukahamia ndani ya mpaka wa kiwanja chake.